Barua ya malalamiko: tuksido ya harusi, ankara namba 0417

Dar es Salaam
22 Oktoba 2024

Ndugu Meneja,

YAH: TUKSIDO YA HARUSI, NA KUDHALILISHWA KWA BABA YANGU NDANI YA DUKA LENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye bwana harusi wa Jumamosi ya tarehe 12. Vipimo vyangu mnavyo, makubaliano mnayo, na masharti yenu ya kazi mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, kwa hiyo sitawasomea. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Naomba isidhaniwe kwamba hasira imepoa.

Alhamisi ya tarehe 10, siku mbili kabla ya ndoa, nilikuwa nimesimama mbele ya kile kioo chenu kirefu, bila viatu, suruali imebanwa kwa pini kiunoni, koti mwilini. Baba yangu, aliyefika kutoka Same usiku uliotangulia, alisogea, akaushika mkono wa koti kwa vidole viwili pale unapoungana na bega, akamwambia fundi wenu mkuu kwa sauti ya chini kabisa: "Kijana wangu, mkono huu umekaa mbele mno. Mwenyewe husimama kifua mbele. Ukiurudisha nyuma nusu inchi, mikunjo hii itaondoka." Fundi wenu akamjibu mbele ya wateja wengine: "Mzee, hii si kaunda suti. Hii ni tuksido. Naomba ukasubiri nje."

Baba akatoka nje.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Yanayofuata ni ya kitambaa na fedha, nayo nitayaeleza, maana fedha zilikuwa zangu na siku ile haitarudi.

Tarehe 24 Agosti nilikaa na kijana wenu wa mauzo zaidi ya saa nzima. Nilimweleza ninachotaka: tuksido ya kisasa, kifungo kimoja, kola ya satini nyeusi yenye ncha zinazopanda kuelekea mabegani, na koti la buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Aliniletea nyeusi. Nikamwambia nyeusi nimeiona kwenye harusi nyingi, na chini ya taa za ukumbini huchujuka ikawa kama imepakwa vumbi, wakati buluu ile ya usiku, chini ya taa hizo hizo, huonekana nyeusi kuliko nyeusi yenyewe. Sare ya wasimamizi wetu ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, nilikuwa na kipande cha kitambaa mfukoni, akakiweka juu ya ile buluu, akasema, "Kaka, hapo umemaliza." Suruali iwe na utepe mmoja wa satini ubavuni. Isiwe na vitanzi vya mkanda, kwa sababu suruali ya tuksido haivaliwi na mkanda. Ikazwe kwa vifungo vya pembeni. Tai ya kipepeo iwe ya kufunga kwa mkono, siyo ile yenye mpira. Yote aliyaandika. Karatasi ninayo, na mwandiko ni wake.

Nililipa shilingi 500,000 siku hiyo hiyo kati ya 780,000. Zile 280,000 nilizimalizia tarehe 21 Septemba, kwa sababu mliniambia bila kumaliza malipo koti haliingii mezani kwa fundi. Tarehe 21 hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kujaribu mara ya kwanza. Nilifika, nikalipa, na hapakuwa na cha kujaribu.

Kuanzia hapo nikapigwa kalenda. Njoo tarehe 25. Njoo tarehe 28. Njoo tarehe 2. Vifungo havijafika. Umeme ulikatika. Fundi kafiwa. Huyo fundi aliyefiwa nilimpa pole kwa dhati nilipomkuta, akabaki ananishangaa, maana hakuwa amefiwa na mtu. Naomba ulitafakari hilo peke yake, Ndugu Meneja: wafanyakazi wako walimzulia mwenzao msiba ili mimi niondoke mlangoni.

Ijumaa jioni, saa kumi na mbili, mkanikabidhi mfuko. Ulikuwa mfuko mzuri, wenye zipu na jina lenu kwa herufi za dhahabu. Nyumbani Tabata tukaufungua. Suruali ilikuwa na vitanzi sita vya mkanda. Tai ilikuwa ya mpira. Mikono ya koti ilishuka mpaka ikameza mikono ya shati, kwa hiyo vifungo vya shati alivyoninunulia mke wangu, ambavyo alivihifadhi tangu mwezi wa sita, visingeonekana na mtu yeyote. Na kwenye kola ya kushoto, juu ya ile satini, kulikuwa na malengelenge matatu. Nayaita malengelenge kwa sababu sina jina jingine: yalituna kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, moja kubwa la ukubwa wa shilingi mia mbili na mawili madogo chini yake.

Na mkono wa koti ulikuwa vile vile. Hamkuugusa. Mlimtoa mtu nje kwa kosa la kuusema, kisha hamkuugusa.

Kwa kuwa hakuna aliyemuuliza baba yangu ni nani, nawaambia sasa. Ni fundi cherehani. Ameshona Same kwa miaka 41, kwenye baraza ya duka la vitambaa, na cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi na dada zangu wawili. Zile kaunda suti ambazo fundi wenu alizitaja kama tusi, baba amewashonea walimu wakuu, makatibu tarafa na wazee wa kanisa. Mwenye kuijua kazi anajua kwamba kaunda haina tai wala kizibao cha kuficha makosa. Kola ikipinda inaonekana. Mfuko ukipishana na mwenzake inaonekana. Vazi lile linaitwa kwa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, aliyelivaa kwenye mikutano ya wakuu wa nchi na hakutolewa nje. Tuksido nayo ilipata jina lake Tuxedo Park, kule jimbo la New York, miaka ya 1880, watu walipoanza kuacha makoti yenye mikia na kuvaa koti fupi jioni. Sioni hapo vazi lililo juu ya jingine kiasi cha mzee kufukuzwa kwa ajili yake.

Tena, kama tuksido mnaijua kumzidi, hivyo vitanzi sita vya mkanda vilitoka wapi?

Usiku ule wa Ijumaa, badala ya kukaa na ndugu zake waliotoka mbali, baba aliazima cherehani kwa jirani. Alikata uzi wa mkono wa kulia kwa wembe, mshono baada ya mshono, asiguse kitambaa. Akaurudisha nyuma nusu inchi, ile ile aliyoitaja Alhamisi, akaushikiza kwa uzi mweupe, akanivalisha, akarudi nyuma mpaka mlangoni akanitazama nimesimama, akasogea, akashona. Mikunjo iliondoka. Akafanya wa kushoto. Akapandisha pindo la mikono yote miwili mpaka vifungo vya shati vikatoka. Akafumua vitanzi sita. Alimaliza saa nane usiku, na mimi nilitakiwa kuamka saa kumi na moja.

Malengelenge hakuyaweza. Alisema gamu haikushika, pasi ilipita mbio, na kuitoa ni mpaka kola yote ifumuliwe, na satini ikishatobolewa haifichi tundu la sindano. Aliyasema hayo bila kumlaumu mtu. Tuliweka ua la kifuani juu ya lile lengelenge kubwa na moja dogo. La tatu limebaki. Liko kwenye picha ya kukata keki, liko kwenye picha na wazazi wa mke wangu, litakuwa ukutani kwetu miaka yote.

Narudi Alhamisi, kwa sababu kule juu sikuandika yote. Niliona aibu kuyaandika, kisha nikajiuliza kwa nini aibu iwe yangu.

Walikuwepo bibi harusi mmoja na mama yake, wakichagua kitambaa cha mjomba. Alikuwepo kijana mmoja anajaribu tai. Alikuwepo dada wenu wa mapokezi. Baba alikuwa amevaa shati lake la kitenge alilolishona kwa ajili ya safari hii na miwani yake. Aliposema maneno yale ya nusu inchi, fundi wenu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi kwenye kioo, akacheka, kisha ndiyo akageuka. Maneno yake yote yalikuwa haya: "Mzee, hii si kaunda suti. Hii ni tuksido. Mambo ya cherehani ya miguu yaacheni huko huko kijijini. Naomba ukasubiri nje, unatuchanganya." Dada wa mapokezi akacheka naye. Mama wa yule bibi harusi aliinamisha macho.

Baba akasema, "Haya, mwanangu." Alimwita mwanangu. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akapita katikati ya watu kuelekea mlangoni. Viti viwili vilikuwa wazi pale ndani, karibu na mashubaka ya tai. Hakuna aliyemwambia akae hata kimoja. Alisimama kwenye kibaraza upande wa jua kwa dakika arobaini, na mimi nilimwona muda wote huo kwenye kioo, nyuma ya bega langu, akiwa amewapa mgongo. Sikuweza kutoka kwa sababu nilikuwa nimebanwa pini. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba harusi ilikuwa keshokutwa na niliogopa mkisusa kazi nitavaa nini. Mliijua hofu hiyo. Ndiyo maana mliweza.

Wakati baba yuko nje, fundi wenu aliniambia, huku akiniwekea chaki mgongoni, "Usijali kaka, wazee wa shamba hawaelewi fasheni."

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba nirudishiwe nusu ya fedha, shilingi 390,000, yaishe. Kabla yake nilijaribu njia ya upole. Jumatatu tarehe 14 nilikuja, nikakuta mmefunga kwa Sikukuu ya Mwalimu, hilo siwalaumu. Jumanne nikapiga simu. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nguo ikishavaliwa hairudishwi fedha, na kwamba kwa jinsi anavyonielewa, nguo "ilisharekebishwa na fundi wa nje", kwa hiyo dhamana imekwisha. Huyo fundi wa nje ni yule mliyemweka nje.

Kwa hiyo nusu siitaki tena. Nataka 780,000 zote. Nguo mtaipata siku mtakayoleta fedha. Malengelenge yamo, na vitanzi sita nimevitia kwenye bahasha. Mishono ya mikono ni ya baba yangu, hiyo hamkuilipia.

Nataka pia fundi wenu mkuu na dada wa mapokezi wamwombe baba radhi. Siyo kwa simu, siyo kwa ujumbe wenye picha ya maua. Waje wenyewe, na wewe Meneja uje nao, kwa sababu duka ni lako na ninaambiwa siku ile ulikuwa ofisini juu. Baba mwenyewe amenisihi niachane na jambo hili. Anasema fundi kijana akiwa na kazi nyingi hukosea ulimi. Mimi nimemheshimu kwa kila kitu maisha yangu yote, na kwa hili naomba anisamehe, sitaliacha.

Isipofanyika hivyo, nitapeleka malalamiko rasmi Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo inayomlinda mlaji. Nitaambatisha karatasi ya oda kwa mwandiko wa kijana wenu, picha za malengelenge, na risiti zenu mbili. Risiti hizo, kwa taarifa yako, zote ni za kuandikwa kwa kalamu. Ya mashine sikupewa, si ya Agosti wala ya Septemba, ingawa niliiomba mara zote mbili. Mamlaka ya Mapato nayo itapenda kuziona, na nitawapelekea kwa mkono wangu. Na bwana harusi yeyote atakayeniuliza nilishona wapi, awe wa ofisini kwetu au wa kanisani kwetu, nitamsimulia Alhamisi ile kama nilivyokusimulia wewe, neno kwa neno, bila kuongeza.

Baba anarudi Same Jumatano tarehe 30, basi la alfajiri. Mna mpaka Jumanne tarehe 29, saa kumi jioni. Nyumba mnaijua, anwani iko kwenye ankara. Mkija mtakaribishwa ndani, na kila mmoja wenu atapewa kiti.

Wako,

Mteja wa ankara namba 0417

Nakala (bado sijaituma): Tume ya Ushindani