Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siku 8 za hospitali, siku 160 za zahanati

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MGONJWA WA SARATANI YA UTUMBO MPANA AWE NA DAKTARI WAKE WA KARIBU

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Miezi mingi damu kwenye choo chake iliitwa bawasiri, kisha amiba, kisha tena bawasiri, mpaka utumbo ulipoziba. Akapasuliwa katika hospitali moja jijini Dar es Salaam ambayo jina lake naliacha, na baada ya kidonda kupona akapangiwa tibakemikali mizunguko 8. Mzunguko mmoja ni wiki 3. Siku ya kwanza dripu ya oksaliplatini, kisha wiki mbili vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni baada ya kula, kisha wiki moja ya kupumzika.

Piga hesabu nami, Mheshimiwa. Mizunguko 8 ni siku 168. Siku ambazo baba alikaa mbele ya daktari wa saratani ni 8. Hizo 160 alikuwa kijijini, mkoani Ruvuma, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, mikononi mwa mama, mwangu, na mwa tabibu mmoja wa zahanati. Ninazoziandikia ni hizo 160.

Usiku wa siku ya 11 ya mzunguko wa tatu baba alianza kutetemeka. Kipimajoto kikasoma 38.6. Huku kwetu homa ni malaria, na kulipokucha tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Tabibu alifanya alichofundishwa. Akamchoma kidole, akasubiri mstari wa pili kwenye kipimo, haukutokea. "Mwalimu, malaria hakuna," akasema, akampa panadol akapumzike. Aliuliza pia baba anatumia dawa gani. Nikampa boksi la vidonge, akaligeuza mara mbili, akanirudishia. Hakuwa amewahi kuliona.

Panadol ilishusha homa, nasi tukafurahi. Jioni baba alikuwa anaongea maneno yasiyoshikana. Tulipofika hospitali ya wilaya usiku, seli nyeupe za damu zilikuwa zimebaki chache mno, na bakteria wamekwisha kuingia kwenye damu. Mungu mkubwa, alitoka salama.

Leo naijua habari hii kuliko nilivyopenda kuijua. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza seli nyeupe haubaguliwi. Wiki moja mpaka mbili baada ya dripu kinga huwa iko chini kabisa. Homa ya 38 katika siku hizo ni dharura: malaria ipimwe, ndiyo, lakini damu nayo ipimwe na antibayotiki za mshipa zianze ndani ya saa moja, majibu yatakuta dawa imeshaingia. Maneno yote haya yanaenea kwenye nusu ukurasa. Hakuna aliyemwandikia tabibu wetu huo nusu ukurasa. Baba alitoka Dar na faili lililojaa vifupisho vya Kiingereza na tarehe ya kurudi, basi. Kwa zahanati, hata salamu haikuwamo.

Tabibu mwenyewe iliingia moyoni. Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kwa pikipiki yake, akaomba faili, akakaa chini ya mwembe akinakili. Nami nilikuwa nimebembeleza kwa nesi mmoja wa Dar nikapata namba ya daktari. Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, na ndipo nilipoelewa maana ya daktari wa familia, hata kama kwenye karatasi anaitwa tabibu.

Chukua habari ya FEFO, vidonge vya kuongeza damu. Damu ya baba iliposhuka, tabibu alikuwa tayari ameshika pakiti, vidonge vile vile wanavyopewa akina mama wajawazito. Kabla ya kumpa akapiga simu Dar. Daktari akamwambia asimpe, kwa sababu ndani yake mna asidi ya foliki, na asidi ya foliki inaweza kuongeza ukali wa kapesitabini mwilini. Simu ya dakika mbili. Bila simu hiyo tungemzidishia baba kuhara na vidonda vya mdomoni, tena kwa dawa ya bure na kwa nia njema.

Halafu sukari. Baba ana kisukari cha miaka mingi. Kabla ya dripu huwa anapewa deksamethasoni ili asitapike, na dawa hiyo hupandisha sukari. Dar walikuwa na faili la saratani. Faili la sukari lilikuwa kichwani mwa tabibu. Ni yeye aliyegundua kwamba kila baba akirudi safari sukari inaruka, akaanza kumpima siku tatu mfululizo baada ya kila dripu. Mtu akipata saratani, magonjwa yake mengine hayaendi likizo, ila kila mtu huyasahau.

Kuna jambo la tatu, nalo ni zito kulisema hadharani, lakini baba ameniruhusu. Upasuaji ulimwachia tundu la haja tumboni. Mifuko maalumu tuliyopewa iliisha mapema, na kwenye maduka ya dawa ya wilayani tuliambiwa hawajawahi kuiagiza. Tukahamia vitambaa na nailoni. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019, nami naunga mkono, ila sijui kama waliotunga kanuni walimfikiria mgonjwa anayeokoteza vifuko ili akae na watu.) Ngozi ikachubuka. Baba akaacha kwenda jumuiya. Kila safari ya Dar aliulizwa kuhusu kutapika, kuhara, ganzi ya vidole, na kila safari akajibu vizuri. Hakuna aliyemuuliza kuhusu jumuiya, wangejuaje? Tabibu anasali jumuiya hiyo hiyo. "Mwalimu, wiki ya nne hatukuoni, kuna nini?" Baba akafunua shati. Siku ile mama alifundishwa kuosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali na kuikausha taratibu, na mwezi uliofuata baba alirudi kwenye kiti chake, cha karibu na mlango.

Najua utaniambia zahanati ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, si wizara yako. Ni kweli, Mheshimiwa, lakini barua za rufaa, miongozo ya tiba na hospitali za kanda na taifa vinapita mezani kwako, na kinachokosekana kiko hapo katikati. Siombi jengo wala mashine. Kila mgonjwa anayeanza tibakemikali aondoke na barua ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili, yenye muhuri, iliyoandikwa kwa tabibu au daktari aliye karibu naye kwa jina: anatumia dawa gani, dawa zipi asichanganye, dalili zipi ni dharura na aende wapi usiku. Iwe na namba ya simu inayopokelewa. Na tabibu naye awe na njia ya kuandika kurudi juu, maana anayemwona mgonjwa siku 160 ana mengi ya kumwambia anayemwona siku 8.

Uingereza karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari wake wa karibu, na hospitali humwandikia huyo kuhusu matibabu ya mgonjwa wake. Utasema wao ni matajiri. Cuba si matajiri, na mpango wao wa daktari wa familia ulianza mwaka 1984. Sisi tayari tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia nyumba kwa nyumba. Watu wapo. Hawajaunganishwa tu.

Baba alimaliza dripu ya nane. Sasa anatakiwa kupimwa damu kuangalia alama za saratani kila baada ya miezi michache, kupigwa picha, na utumbo kuchunguzwa kwa kamera ndani ya mwaka. Ratiba hiyo imo kwenye kaunta buku niliyonunua mwenyewe, pamoja na namba ya daktari, sukari zake zote, na neno FEFO limekatwa kwa kalamu nyekundu. Nusu ya mwandiko ni wa tabibu.

Mwezi uliopita tabibu huyo alihamishwa. Aliyekuja ni kijana mstaarabu, ametukaribisha vizuri, ametuomba tumweleze tangu mwanzo baba aliumwa nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa Mwalimu,
Ruvuma.