Mshipa Haukukatika

Ngamiani, Tanga
3 Agosti

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo mwenzangu, na Wete wote hawajambo? Huku sisi wazima, shida ni huu mkono tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pale uliposema, "We Zuhura, si walikushona? Mbona mpaka leo?" nilicheka, maana ndilo swali la kila mteja anayekuja kudai gauni lake. Nilitaka kukujibu kwa sauti, nikaona nitakumalizia bando. Basi naandika, kidogo leo kidogo kesho, kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene ili isiniponyoke.

Mkosi wenyewe ulianzia kwenye Kiswahili chetu. Siku gilasi iliponipasukia mkononi kwenye beseni la vyombo, nilikimbizwa zahanati. Tabibu akaosha kidonda, akatazama, akasema, "Usiogope mama, mshipa haukukatika," akanishona nyuzi nane, nikarudi nyumbani. Alimaanisha mshipa wa damu. Sisi kila kitu ni mshipa: unaopitisha damu mshipa, unaovuta kidole mshipa, wa fahamu mshipa, na mzee wa watu akivimba kule chini tunasema ana mshipa. Wa damu kweli haukukatika. Uliokatika ni wa fahamu, ule mnene unaopita katikati ya mkono kwa ndani, vidole viwili hivi juu ya kifundo. Hakuna aliyeniuliza kama nasikia kitu vidoleni, na mimi nilidhani ganzi ni ya sindano. Wiki zikapita. Kwenye hospitali kubwa daktari wa upasuaji alinigusa kwa pamba mara mbili tu akajua. Tarehe 28 Machi akanifungua tena, akaziunganisha zile ncha mbili akiwa na miwani ya kukuza, kwa uzi ambao mimi na miaka yangu ishirini ya cherehani sijawahi kuushika: mwembamba kuliko unywele. Nilimwomba anionyeshe kipande. Niliuona ulipometa kwenye taa, halafu ukapotea.

Kwa hiyo ndiyo, walinishona. Ila walichoshona ni ganda la nje, shoga. Kilichomo ndani hakishoneki.

Nikueleze vidole kwanza. Gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Cha pete kimekufa nusu! Upande unaoelekea cha kati haupo, upande wa kidole kidogo mzima. Nikiburuza pini juu yake nasikia, nasikia, halafu kama mtu kazima taa. Na lingine la ajabu: nikifua nusu saa, kidole kidogo kinakunjana kama cha kila mtu, hivi vingine vinatoka majini laini kama vya mtoto mchanga. Siku zote nilidhani ngozi hukunjana kwa kulowa tu. Kumbe ni amri inayoletwa na neva, yaani huo mshipa wa fahamu, inayobana vimishipa vya damu ncha ya kidole, na amri isipofika ngozi haikunjani. Jasho pia hakuna. Kidole cha shahada ni kikavu hata kufunua kurasa kinateleza. Mwezi wa Mei nilishika mfuniko wa sufuria, na kilichoniambia kuwa naungua ni harufu. Kijana wa fiziotherapia akanipa sharti wanalopewa waliopata ukoma, maana vijidudu vya ukoma navyo huingia kwenye seli zinazofunika neva na kuharibu neva zenyewe: kila jioni niutazame mkono kwa macho, kidole kwa kidole, kwa kuwa wenyewe hausemi.

Sasa kwa nini haiponi haraka. Rehema yuko kidato cha sita, ndiye aliyenichorea, na tangu siku ile nimekuwa msumbufu kwake kuliko mwalimu. Seli ya neva ya kidole changu cha shahada haiishi kidoleni. Mwili wake uko shingoni, ndani ya kinundu kidogo pembeni ya uti wa mgongo. Kutoka hapo inatoa mkia mmoja, wanauita aksoni, unaopita begani, unateremka mkono mzima mpaka ncha ya kidole. Seli moja hiyo! Unene wake ni wa kutafutwa kwa darubini, lakini urefu nimeupima mwenyewe kwa futi ya kushonea: inchi thelathini na moja.

Chakula cha huo mkia wote kinapikwa shingoni na kusafirishwa ndani kwa ndani. Gilasi ilipokata, upande uliobaki na shingo ulisalia hai, upande wa vidole ukabaki yatima, ukavunjika vipande vipande. Augustus Waller aliliona hilo London mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Ina maana hata wangenishona siku ileile, ile sehemu ya mbele ingekufa tu. Hakuna kuunga. Ni kuota upya kutoka kwenye kovu mpaka kucha.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Aksoni hufunikwa njia nzima na seli nyingine, zinaitwa za Schwann. Mkia ukifa, hizo hazifi. Zinasaidia kula mabaki, kisha zinajipanga mstari ndani ya ala ileile ya zamani na kuacha njia. Unajua tunavyopitisha lastiki kwenye upindo wa sketi, lastiki imekatika lakini upindo upo, unafunga pini kwenye ncha mpya na kuisukuma kwa kupapasa? Ndivyo hivyo. Kazi ya yule daktari ilikuwa kuusogeza upindo wa huku ukutane na wa kule, ili pini isitokee nje. Ikitokea nje, nyuzi hujiviringa palepale zikawa nundu inayouma. Kwenye ubongo na uti wa mgongo hali ni nyingine: seli zinazofunika neva za huko si za Schwann, na badala ya kufungua njia huweka vizuizi. Unamkumbuka mtoto wa jirani yetu aliyeanguka mnazini? Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mimi niambiwe nisubiri na yeye asiambiwe. Sasa najua, na bado linaniuma.

Hiyo pini ya lastiki kweli ipo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona kwenye vifaranga ambao hawajaanguliwa, mwaka 1890, akaiita koni ya ukuaji. Ni ncha iliyotanuka, yenye vidole vyembamba vinavyonyooka, vinagusa, vinarudi. Penye kushikika mkia unavutwa mbele, penye kukatazwa unageuka. Ila Cajal alikuwa akitazama seli zilizokufa na kutiwa rangi, akakisia mwendo. Aliyeiona ikitembea ni Mmarekani, Ross Harrison, mwaka 1907, alipoweka kipande cha chura ambaye bado hajaanguliwa ndani ya tone la limfu, yale maji maji ya mwilini, na kukaa kuangalia.

Lakini ninayempenda mimi ni mwanamke, Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino, Italia. Sheria za mtawala wao Mussolini dhidi ya Wayahudi, za 1938, zilimfungia mlango wa chuo kikuu. Akafungua maabara chumbani kwake, anafanyia kazi mayai ya kuku, na visu vyake alivitengeneza kwa sindano za kushonea alizozinoa kwenye jiwe. Sindano za kushonea, shoga! Rehema aliponisomea hapo niliacha kumenya vitunguu. Alikuwa akiondoa chipukizi la mguu kwenye kiinitete, yaani kifaranga kinachoumbika bado ndani ya yai, kisha anafuatilia neva ambazo zingeenda kwenye mguu ule. Ziliota, zikaondoka kwenda kutafuta, zikakuta hakuna kitu, zikafa. Baadaye huko St. Louis, Marekani, yeye na wenzake wakaipata protini inayozilisha neva na kuziita, na mwaka 1986 akapewa Nobeli pamoja na Stanley Cohen. Kwa hiyo neva si kwamba inakwenda tu; kule inakokwenda lazima pawepo wa kuipokea.

Kasi yake? Karibu milimita moja kwa siku. Mara kumi ya kucha, na bado kobe. Tena haianzi mara moja, karibu mwezi wa kwanza unaishia kwenye kushikana pale kwenye mshono.

Namna ya kuifuatilia ndiyo hii, na nakuapia ndiyo starehe yangu ya Ijumaa. Nalaza mkono mezani, naanza kugonga taratibu kwa kidole cha mkono wa pili, kutoka vidoleni nikipanda juu. Kimya, kimya. Nikifika mahali fulani, umeme unaruka mpaka kwenye kidole cha shahada, ambacho chenyewe ukikichoma hakijui. Hapo ndipo ncha changa zilipo. Natia alama ya kalamu, napima kutoka kwenye kovu, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Jules Tinel wa Ufaransa aliandika habari hii mwaka 1915 kutokana na majeruhi wa vita, na mwaka huohuo Mjerumani Paul Hoffmann akaandika vilevile, kila mtu upande wake wa vita. Huo msisimko Wafaransa huuita kwa neno lililotokana na sisimizi. Jana sisimizi wangu walikuwa sentimita tisa na nusu kutoka kwenye kovu, katikati ya kiganja. Mpaka ncha ya cha kati zimebaki kama kumi na mbili na nusu. Weka Desemba, au Januari.

Mumeo akileta ngisi, kabla hujamtia kwenye nazi, mfungue taratibu uangalie ukuta wa mwili wake kwa ndani. Humo mna aksoni zinazoweza kufika unene wa milimita moja, uzi wa kushonea kabisa, za kumsukumia maji akimbie adui. Ni kwa ngisi Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kuingiza kipimo chembamba cha umeme ndani ya aksoni kule Plymouth mwaka 1939. Vita ikawakatisha, wakamalizia 1952. Walichokuta ni chumvi. Nje ya aksoni kumejaa sodiamu, kama bahari, ndani potasiamu. Ujumbe ukija vilango vinafunguka, sodiamu inamiminika ndani, vilango vinafungwa, potasiamu inatoka, na kilango cha jirani kimeshashtuka naye afungue. Kila kilango kinashughulika kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwenye neva nzima ya mkono ujumbe unakwenda zaidi ya mita hamsini kwa sekunde. Njia inayojengwa milimita kwa siku, ikishakamilika inapitwa kabla hujapepesa jicho!

Habari njema ni ya kidole gumba. Msuli wa shina lake ulikuwa umenyauka pakawa bonde, kama embe lililokauka upande mmoja. Msuli bila neva unasinyaa, na ukingoja sana, mwaka au na nusu yake, neva hata ikifika haipokelewi tena. Basi wiki iliyopita nilikuwa najaribu kukisogeza gumba kielekee kidole kidogo, nikaona pale bondeni ngozi imeruka. Kidogo, kama jicho linalocheza. Maana yake uzi mmoja mmoja umefika, umesimama karibu kabisa na msuli bila kuugusa, na umeanza kumimina asetilikolini, kemikali ya kuuamuru msuli ujikunje, kwenye ule upenyo. Nilimwita Rehema aje aone, ikagoma kuruka mbele ya wageni.

Kinachonitisha ni mwisho wa safari. Nyuzi ni maelfu, na pale kwenye mshono hakuna anayezipangia upindo. Zilizokuwa za cha shahada nyingine zitaingia njia ya cha kati. Kijana wa fiziotherapia kanieleza wazi kuwa nitaguswa hapa nisikie pale, na kwa mtu wa miaka arobaini na minne ubongo utajifunza upya lakini kwa shida kuliko wa mtoto. Mazoezi yenyewe ni kutia vitu ndani ya mfuko wa mchele, kufumba macho na kuvitambua kwa vidole. Nimeshaandaa vifungo, punje za kahawa, kete moja ya kauri na zipu.

Basi niombee kwa mama mkwe wako karafuu, kiganja kimoja tu, zilizokauka vizuri na zenye vichwa. Zilizovunjika usizitie. Mpe Hamisi wa boti aje nazo, si haraka, zitakaa mpaka Desemba.

Wako,
Zuhura