Msituambie "Njoo Tu". Tuambieni Ngazi ni Ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo moja na wenye bustani za mapumziko na viwanja vya michezo ya watoto hapa Dodoma, pamoja na maofisa wa Halmashauri ya Jiji wanaowapa leseni. Mtu anapopiga simu kuuliza kama mgonjwa wake asiyeweza kutembea vizuri ataweza kuingia na kukaa humo siku nzima, asijibiwe "njoo tu, hakuna shida". Aambiwe ngazi ni ngapi, mlango wa choo una upana gani, na gari linaweza kusimama wapi.

Mume wangu alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Upande wake wa kushoto umebaki dhaifu. Kwa mkongojo na kwa kuegemea bega langu hutembea hatua ishirini au thelathini, na zaidi ya hapo tunatumia kiti mwendo. Usemi wake umerudi, akili yake ni nzima, na bado ndiye anayewasimulia wajukuu hadithi za usiku. Mwezi Juni, shule zilipofungwa, wajukuu wetu wawili walikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ambayo tangu Julai 2024 imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache tu, na ombi lao la kwanza lilikuwa kwenda na Babu kwenye bembea na kwenye treni ndogo ya watoto. Walilirudia neno hilo, "na Babu", kila nilipojaribu kupanga kwenda nao peke yangu.

Nikapiga simu katika eneo moja la burudani, ambalo silitaji kwa sababu kosa lake ni la wengi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zote. "Shikamoo mama. Njoo naye tu, hakuna shida, vijana wapo." Nami nikaridhika, nisiulize zaidi.

Tulipofika tulikuta ngazi tatu mlangoni na kando yake mteremko wa zege, ambao kwa mbali ulinipa matumaini. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilipotulia niliupima. Kila ngazi ilikuwa na kimo cha sentimita 15, maana yake zote tatu ni sentimita 45, na kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani inataka kila sentimita moja ya kwenda juu ipewe sentimita 12 za kwenda mbele. Mteremko ule ulipaswa kuwa na urefu wa mita 5.4. Ulikuwa na mita moja na nusu. Mtu mmoja hawezi kusukuma kiti chenye mtu mzima kwenye mwinuko wa namna hiyo, na wakati wa kushuka kiti kinaweza kumwaga aliyekikalia kifudifudi. Aliyeujenga alitumia saruji na mchanga, akalipa fundi, na akaishia kupata kitu ambacho hakuna anayeweza kukitumia, wakati tofauti kati ya mteremko huo na ulio sahihi ilikuwa ni kuuliza swali moja kabla ya kumwaga zege.

Wakaja vijana wanne, wakambeba mume wangu juujuu pamoja na kiti chake, mbele ya wajukuu na mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakikata tiketi. Walifanya kwa moyo mwema na niliwashukuru. Lakini huyu ni mtu ambaye kwenye ukoo wake ndiye huongoza vikao vya harusi na vya misiba, na tangu alipowekwa chini upande wa pili wa ngazi zile hakusema neno. Muda mfupi baadaye tuligundua kwamba mlango wa choo una upana wa sentimita 60, na kiti chetu kina sentimita 66. Alipoliona hilo alikataa kunywa maji. Soda aliyoletewa na mjukuu haikufunguliwa.

Wasiouguza wanaweza wasielewe uzito wa jambo hilo, kwa hiyo nalieleza. Wagonjwa wengi wa presha hupewa, pamoja na dawa nyingine, kidonge kinachoongeza mkojo, na mtu wa namna hiyo akijua hakuna choo atakachokifikia, dawa anayojipa mwenyewe ni kuacha kunywa maji. Kuacha kunywa maji kwenye jua la Dodoma, na upepo wetu wa Juni unaokausha midomo, ni hatari kwa mzee yeyote, sembuse aliyewahi kupata kiharusi. Saa sita na nusu mchana tulikuwa tumesharudi nyumbani, na watoto wakiwa wamepanda bembea mara moja tu.

Kuhusu hiyo kauli ya "vijana wapo", naomba isemwe wazi kwamba kubeba mtu ni kazi ya dharura na ina hatari zake. Sehemu za kuegemeza mikono na za kuwekea miguu katika viti mwendo vingi huchomoka, na mtu asiyejua hukinyanyua kiti kwa kushika hapohapo. Aliyepooza upande mmoja akivutwa mkono ulio dhaifu, bega lake hutoka mahali pake kwa urahisi. Hata mahali ambapo anaweza kujikongoja mwenyewe kwenye ngazi kwa kushika ubao au bomba la pembeni, kuna utaratibu tuliofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo: wakati wa kupanda hutangulia mguu wenye nguvu, wakati wa kushuka hutangulia ulio dhaifu. Bomba hilo la kushikia ni la gharama ndogo, na kwa mume wangu lingekuwa na thamani kuliko mikono ya watu wanane.

Sikukubali watoto warudi Dar es Salaam na kumbukumbu ile. Jumanne iliyofuata nilichukua bajaji peke yangu, nikiwa na futi ya fundi cherehani na daftari, nikatembelea maeneo matatu. Nilipima milango. Nilihesabu hatua kutoka gari linaposimama hadi kwenye kivuli cha kwanza, na kutoka kwenye kivuli hadi chooni. Niliangalia ardhi kwa makini zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu mchanga na kokoto ndivyo vinavyoshinda viti mwendo katika mkoa wetu: magurudumu madogo ya mbele huzama, na anayesukuma hulazimika kukiinamisha kiti nyuma kidogo kisimamie magurudumu makubwa, au kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, jambo linalowezekana kwa mita kumi lakini si kwa mia moja. Eneo la tatu halikuwa na mabango ya kujisifu, lakini lilikuwa na njia ya vitofali vilivyolala sawa kutoka getini hadi kwenye bembea, lango lisilo na ngazi, na choo kimoja ambacho mlango wake ulikuwa na sentimita 85 na ulifungukia nje. Mlango wa choo ukifungukia ndani, kiti kikishaingia hauwezi tena kufungwa, na mtu hulazimika kujisitiri mbele za watu.

Tulikwenda huko Alhamisi, siku isiyo na msongamano, tukafika saa tatu asubuhi kabla jua halijakaza. Daktari wake tulikuwa tumeshamuuliza kuhusu saa ya kumeza kile kidonge, akatupangia. Tulichagua mti mmoja karibu na bembea ukawa ndiyo makao yetu ya siku nzima. Watoto ndio waliokwenda na kurudi, Babu akabaki palepale akiwaona wote wawili. Tulibeba mto wa kukalia, na kila baada ya nusu saa nilimsaidia ajiinue kidogo ili ngozi isipate vidonda vya kukaa. Kiti tulikifunika kwa kitenge kila alipohamia kwenye benchi, kwa maana chuma na plastiki nyeusi zikiachwa juani huunguza. Alipotaka kupanda ile treni ndogo, tulikiweka kiti upande ambao mkono wake wa kulia ndio ulio karibu na behewa, mhudumu akasubiri bila kuharakisha, akapanda. Mchana wote alikunywa maji kama kawaida. Kilichobaki moyoni mwangu zaidi ni kumwona akiwa ameketi kitini nyuma ya bembea, akiisukuma kwa ule mkono mmoja wenye nguvu, mjukuu akipiga kelele za furaha na kumtaka aongeze. Tuliondoka saa kumi na moja jioni.

Natambua kwamba si kila familia ina mtu wa kutanguliza na futi. Ndiyo maana naandika. Katika nchi ambazo viwanja vikubwa vya burudani vimekuwapo kwa miaka mingi, kazi niliyoifanya Jumanne ile hufanywa na mwenye kiwanja. Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, huwapa wageni mwongozo unaoeleza ni mchezo upi mtu anaweza kuingia akiwa kwenye kiti chake na ni upi unaomlazimu kuhama, na familia yenye mtu asiyeweza kupanda mchezo fulani inaruhusiwa mmoja abaki naye wakati mwingine anapanda na watoto, kisha wapokezane bila kurudi mwisho wa foleni. Huko San Antonio, Texas, bwana mmoja aitwaye Gordon Hartman alifungua mwaka 2010 uwanja uitwao Morgan's Wonderland, kwa ajili ya binti yake Morgan mwenye ulemavu, na humo zipo bembea ambazo kiti mwendo huingia na kubembea pamoja na aliyekikalia. Mwenye ulemavu halipi kiingilio. Sitarajii tuvipate hivyo kesho, ingawa kupokezana kwenye foleni hakuhitaji fedha yoyote na kungeweza kuanza Jumamosi hii. Vilevile naona si haki kumtoza kiingilio kamili msindikizaji ambaye anaingia kusukuma kiti tu.

Kisheria hatuko gizani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi haki ya kushiriki burudani, mapumziko na michezo, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ninachokiona hapa chini ni kwamba neno "miundombinu rafiki" limekuwa jepesi mno. Linaandikwa kwenye ripoti na kwenye mabango, lakini neno rafiki halipimiki. Sentimita 85 zinapimika. Naomba Jiji, linapokagua eneo la burudani kwa ajili ya leseni, limtake mwenye eneo ajaze karatasi moja yenye vipimo vya lango, mteremko, njia na choo, na karatasi hiyo ibandikwe getini na isomwe kwa yeyote anayepiga simu. Kama jibu ni kwamba zipo ngazi tano na hakuna mteremko, basi liandikwe hivyohivyo. Mtu akiambiwa ukweli ataamua mwenyewe. Anayedanganywa kwa upole hujua akiwa ameshafika, ameshalipa nauli, na watoto wameshashuka garini.

Naongeza kwamba sidai yasiyowezekana. Zamani mimi na mume wangu tulipanda na wanafunzi kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yale ni mawe na mlima, na mume wangu amekubali kwamba hatapanda tena. Huwasimulia wajukuu alivyoiona. Lakini ngazi za zege zilizojengwa juzi katika Jiji tambarare kama hili, ambalo tangu Serikali ihamie majengo mapya yanaota kila mtaa, hazikuwekwa na Mungu. Kila msingi unaochimbwa leo unaweza kuchimbwa kwa mtu mwenye kiti, kwa mjamzito, na kwa mama mwenye kigari cha mtoto, kwa gharama ileile au inayoizidi kwa kiasi kidogo sana.

Wajukuu wanarudi Desemba. Wakati huo mvua zitakuwa zimeanza na njia za udongo zitakuwa tope, kwa hiyo hata eneo lililotufaa mwezi Juni nimelazimika kuulizia upya. Nilipiga simu juzi. Kijana aliyepokea alianza kwa lilelile, "njoo tu mama", nami nikamwomba aniambie kama njia ya kwenda chooni hutuama maji mvua ikinyesha, na kama lile benchi la chini ya mti bado lipo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisikate simu, aende akaangalie.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma