Mashambani Uingereza si milima mitupu: wapelekeni wazee Reach kwa baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu nimjibu msomaji mwenzangu aliyewaonya wazazi wanaokuja Uingereza kuwatembelea watoto wao wasithubutu kupanda baiskeli mashambani. Sababu alizotoa ni tatu: milima, magari na baridi. Kwa Devon au Peak District nakubaliana naye kabisa, kule hata kijana mwenye mapafu mazima hushuka akasukuma. Lakini ameitia nchi nzima kwenye kapu moja, na kwa kufanya hivyo amewafungia wazee wetu mlango. Naishi Cambridge. Nawaona akina mama na akina baba wanaokuja kukaa kwa watoto wao miezi kadhaa, mchana kutwa wamo ndani na televisheni, wanasubiri wajukuu watoke shule. Wengi wao walikua juu ya baiskeli. Na mwendo mfupi tu kutoka mjini kuna nchi isiyo na kilima hata kimoja cha kumtoa mtu jasho.

Nchi hiyo inaitwa Fens. Inaanzia karibu na Cambridge na kwenda kaskazini hadi ghuba ya Wash. Zamani ilikuwa vinamasi, matete na samaki aina ya mkunga. Katika karne ya 17, mwinyi mmoja, Earl wa Bedford, na matajiri wenzake walitoa fedha, na mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden akasimamia kuchimba mifereji ya kuyatoa maji. Ardhi ilipokauka ikaanza kusinyaa, kwa kuwa udongo wake mweusi ni mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, na ukikaushwa hubonyea, huliwa na hewa, na upepo wa majira ya kuchipua huupeperusha. Kule Holme Fen, upande wa Peterborough, mwanzoni mwa miaka ya 1850 walichomeka nguzo ya chuma ardhini hadi kichwa chake kikawa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imetokeza takriban mita 4, na mahali hapo pako karibu mita 3 chini ya usawa wa bahari. Mashamba yameshuka, mifereji imebaki juu kati ya matuta yake. Ndiyo maana ukiwa kwenye baiskeli huko unaweza kuona mashua ikipita juu zaidi ya kichwa cha mtu anayepalilia.

Kijiji ninachowashauri watu waanzie ni Reach, kama kilomita 16 kaskazini-mashariki ya Cambridge. Ni kidogo, nyumba zimezunguka uwanja wa majani, na ukitazama huwezi kudhani kwamba palikuwa bandari. Lakini ilikuwepo: mfereji wa Reach Lode unaishia hapo, na kwa karne nyingi mashua zilipanda kutoka baharini kwa mito hadi kijijini, zikashusha na kupakia mizigo. Upande wa pili wa uwanja ndipo linapoanza Devil's Dyke, tuta kubwa la udongo lililojengwa enzi za Wasaksoni, lenye urefu wa takriban kilomita 12 kwa mstari ulionyooka. Hapo juu ni pa kutembea kwa miguu. Egesha baiskeli, panda, utazame mbele: siku ya anga safi unauona mnara wa kanisa kuu la mji wa Ely.

Kutoka Cambridge hadi Reach unafuata njia namba 51 ya mtandao wa kitaifa wa baiskeli. Mtandao huo ulianza kujengwa mwaka 1995 kwa fedha za bahati nasibu ya taifa, chini ya shirika la hisani la Sustrans. Vibao vyake ni vya buluu, vina picha ya baiskeli, na namba ya njia imeandikwa ndani ya kisanduku chekundu. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kuvifuata. Ila umbali huandikwa kwa maili. Zidisha kwa 1.6 upate kilomita, mzee asije akadhani kabakiza kidogo.

Kwa siku ya kwanza msizidishe. Tokeni Reach mwende Burwell, kilomita chache tu, mrudi. Burwell pana kinu cha upepo, na nyuma ya kanisa la Mtakatifu Maria yapo mabaki ya ngome ambayo mwasi Geoffrey de Mandeville alijeruhiwa akiishambulia mwaka 1144, jeraha lililomuua. Mimi humsimamisha mgeni zaidi kwenye uwanja wa makaburi. Lipo jiwe limechongwa moyo unaowaka moto, kumbukumbu ya watu 78 walioungua ghalani tarehe 8 Septemba 1727 walipokusanyika kutazama maonyesho ya vikaragosi. Wengi walikuwa watoto. Upande wa pili wa Reach pana Swaffham Prior, ambako makanisa mawili yamesimama ndani ya uwanja mmoja. Hayo yote ni ya asubuhi moja, na chai mnakunywa mapema.

Mkishazoea, njia ya kuitafuta ni Lodes Way. Ina urefu wa takriban kilomita 14, kutoka kijiji cha Bottisham hadi hifadhi ya kinamasi ya Wicken Fen, sehemu kubwa ni njia za mashambani ambako gari ni nadra. Haina kiingilio. Mwaka 2010 lilijengwa daraja jipya la kuvuka Reach Lode, na hapo ndipo nilipomfikisha baba yangu alipokuja kututembelea. Alikuwa mwalimu, ameshavuka miaka 70, na miaka yake ya kazi aliimaliza juu ya Phoenix yenye kerieri iliyofungwa mpira kwa ajili ya madaftari. Alishuka katikati ya daraja, akashika ukingo, akatazama mfereji, akatazama shamba. "Mwanangu," akasema, "maji yako juu ya viazi." Nikamuuliza, "Baba, tupumzike hapa?" Akajibu, "Hapana mama, twende tu, nataka nione yanakokwenda."

Tulifika Wicken. National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi mazingira na majengo ya kale, walinunua kipande cha kwanza cha kinamasi hicho mwaka 1899, na leo ni miongoni mwa hifadhi kongwe za nchi ile. Zaidi ya aina 9,000 za viumbe na mimea zimeorodheshwa hapo. Tangu mwaka 1999 wana mpango wa miaka 100 wa kuirudishia ardhi ya jirani maji yake. Kwenye malisho utaona farasi wadogo wa Konik na ng'ombe wenye manyoya marefu, hawachungwi na mtu. Wapite kwa mbali na msiwalishe. Kipo pia kinu kidogo cha mbao cha kusukumia maji, cha mwisho cha aina yake kilichobaki katika Fens.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa, na ndilo linaloamua kama safari itakuwa raha au adha. Ni upepo. Hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia, na ukikupiga usoni kwenye barabara iliyonyooka kilomita 3, utaomba heri kilima. Lakini upepo wa Uingereza mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na Ely iko kaskazini-mashariki ya Cambridge. Kwa hiyo fanyeni kama manahodha wa majahazi walivyofanya na kusi: nendeni nao, msishindane nao. Tokeni Cambridge, piteni Reach na Wicken, kisha shikeni njia namba 11 hadi Ely. Upepo uko mgongoni, mnakanyaga pedeli kwa kuzigusa tu. Ely mkalitazame kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1083; mnara wake wa kati ulianguka mwaka 1322, na mahali pake wakaweka kuba la mbao na vioo lenye pande nane. Kurudi Cambridge pandeni treni, ni kama dakika 15 tu, na baiskeli hailipiwi nauli. Epukeni tu saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Kuhusu magari, hofu yake naielewa. Dawa yake ni kujua sheria na kuchagua njia. Tangu sheria ya mwaka 1968, mwendesha baiskeli anaruhusiwa kupita kwenye njia za farasi, mradi awapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Njia za waenda kwa miguu peke yao haruhusiwi. Ramani ya Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa, namba 226 ya mfululizo wa Explorer inaonyesha zote mbili waziwazi, nunueni moja mgawane. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda, kushika kushoto si jambo geni. Wageni kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wakumbushwe kila wanapoanza upya baada ya kupumzika, hasa kwenye makutano. Kuanzia vuli kuna malori ya viazisukari na matope barabarani. Kipindi hicho wakulima pia hupunguza ua za miiba, na miiba hiyo haina huruma na tairi. Beba tyubu ya akiba, kiraka, solusheni na pampu.

Na baridi? Desemba sitamshauri mzee yeyote. Jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na bila taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma mnavunja sheria. Lakini Juni jua halizami mpaka saa 3 usiku imepita. Kuanzia Mei hadi Septemba mzee akivaa sweta na koti la kuzuia upepo inamtosha. Chapati na chupa ya chai viwe kwenye kikapu, maana kati ya kijiji na kijiji hakuna duka.

Ombi langu la mwisho ni kwa vyama vya jamii zetu vilivyoko Uingereza. Kila mwaka mnakodi basi kwenda London kupiga picha mbele ya kasri. Safari moja tu ielekezeni Reach. Kila Jumatatu ya kwanza ya Mei kuna gulio lililopewa hati na Mfalme John mwaka 1201. Meya wa Cambridge huja kulifungua na kuwarushia watoto senti mpya. Siku hiyo hiyo Camcycle, chama cha waendesha baiskeli wa Cambridge, huongoza msafara mkubwa kutoka mjini hadi kijijini, watoto, wazee na baiskeli za matela wamo. Ni msafara wa taratibu na hakuna anayeshindana. Mwenye baiskeli za ziada nyumbani azitie upepo kuanzia Aprili, na mwenye mzazi anayekuja kiangazi amkatie tiketi ya kufika kabla ya siku hiyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Cambridge, Uingereza