Salamu za Krismasi kutoka Kihesa, Iringa

Kamwene wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kwa neema tumeifikia Krismasi nyingine. Poleni kwa mwaka, na hongereni kwa kuuvuka.

Mwaka umetubana. Mbolea imepanda bei, mahindi tuliyauza kwa hasara, na ada za vyuo hazisubiri mavuno. Wapo waliolima eka moja badala ya tatu. Mungu awaone.

Kwetu pengo ni la Baba Mkubwa, mwinjilisti wa mtaa, tuliyemzika mwezi wa tano. Juzi nilifungua sanduku lake kutafuta daftari la washarika, nikakuta koti lake la ibada. Mfukoni mlikuwa na kipande cha chaki ya kufundishia watoto wa kipaimara. Nilishindwa kuendelea.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za V. Raymond Edman, mmisionari wa Ecuador. Mwaka 1925 aliugua homa kali, jeneza likaandaliwa, mkewe akalitia rangi nyeusi gauni lake la harusi ili amzikie. Akapona! Kuanzia 1940 hadi 1965 akawa rais wa chuo cha Wheaton, Marekani, alikosoma Billy Graham. Tarehe 22 Septemba 1967 alisimama mbele ya wanafunzi katika kanisa la chuo, akawasimulia alivyoingia kwa adabu mbele ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Akawasihi waingie ibadani kwa kicho hichohicho, maana wanakutana na Mfalme. Hapohapo akaanguka, akafa.

Baba Mkubwa hakuisimulia mara moja akaacha. Kila Majilio tuliisikia, na sisi watoto tukipiga kelele mlangoni alisema tu, "Nyamazeni, Mwenyewe yupo."

Basi vijana wangu mnaorudi likizo, mkesha si wa kupigia picha. Zimeni simu, ketini, nyamazeni. Wazazi, msikope kwa ajili ya nguo mpya. Mtoto aje na shati la shule, Bwana atampokea. Nanyi mliopewa vyeo, vyuoni na makanisani, hizo ni siku za nyongeza kama alizopewa Edman. Zitumieni kwa hofu ya Mungu, kwa maana mtaulizwa!

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye baraka tele, afya na amani.

Mkesha ni saa 2 usiku. Njia ina tope, tokeni mapema. Benchi la mbele, upande wa dirisha, naomba tumwachie Baba Mkubwa nafasi yake mwaka huu.