Wifi yangu, kuhusu vile vidonge vya tumbo

Wifi yangu mpendwa,

Umeniuliza kama umnunulie kaka vile vidonge vya probiotiki, yaani vya bakteria hai wazuri wa utumbo, maana muuzaji amekuapia kwamba vinakata kiu ya pombe. Nakujibu hadharani kwa kuwa nyumba nyingi zinauziwa maneno hayohayo.

Kwamba pombe huharibu utumbo ni kweli. Kwa mnywaji wa miaka mingi bakteria wazuri hupungua, ukuta wa utumbo huanza kuvujisha, na sumu za bakteria hupenya kwenye damu mpaka kwenye ini. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba wagonjwa wenye utumbo unaovuja ndio waliobaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa zaidi ya kunywa, hata baada ya wiki 3 bila pombe. Nchini Urusi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanaume wenye uraibu wa pombe waliopewa bakteria hai kwa siku 5 juu ya matibabu ya kawaida walipata majibu mazuri zaidi ya vipimo vya ini kuliko wenzao. Ini, wifi. Siyo kiu.

Ndiyo maana naogopa hicho kiapo. Kaka akiamini kidonge kimemaliza kazi, ataacha kliniki na vikao vya wenzake walioacha pombe. Dawa za kupunguza hamu zipo, mojawapo naltrexone, lakini ni daktari anayeziandika. Na kabla ya probiotiki, ulizia vitamini B1: pombe huimaliza mwilini, na upungufu wake huharibu ubongo. Akiteleza akarudia kunywa kila siku, msimfungie ndani aache ghafla. Degedege na kuweweseka kwa siku za mwanzo huua. Mpelekeni hospitali.

Kwa tumbo lake, mpe mtindi usio na sukari, usioupasha moto, kwani moto huua hao bakteria. Mboga na maharage pia, maana bakteria wazuri hula nyuzinyuzi. Togwa hapana, hata kama nyumbani kwetu tunanyweshwa tangu utotoni: ikilala hupanda kilevi.

Vidonge si haramu. Pesa ikibaki baada ya nauli ya kliniki, nunua. Ila kwanza daktari aangalie majibu ya ini, kwa sababu kwa mgonjwa aliyedhoofika sana bakteria hai huweza kuingia kwenye damu. Nipigie picha lebo ya hiyo chupa, pande zote, uitume kabla ya siku yake ya kliniki.

Wifi yako akupendaye