Barua ya wazi kwa wanangu mnaoandika kanuni za kemikali Zanzibar

Assalaam alaykum wanangu,

Kuna mambo mawili msiyachanganye mnapozitengeneza upya kanuni za kemikali za viwandani. La kwanza ni kujua kama kitu ni sumu. La pili ni kujua kama kitu hicho kimo ndani ya kopo. Lile la kwanza likishafanywa vizuri mahali pamoja hutumika kwengine. Nchi za OECD, ule umoja wa nchi tajiri wa ushirikiano wa kiuchumi, zinapokeleana matokeo ya maabara tangu 1981, wala visiwa vyetu havina haja ya kufuga panya wa majaribio. La pili halina mkato, ni shehena kwa shehena, pale pale kwenye bandari za Malindi, Mkoani na Wete. Huko ndiko fedha ziende.

Taarifa za sumu azilete mwenye mali. Marekani walikosea hapo. Sheria yao ya 1976 iliziacha kemikali zipatazo 62,000 zilizokwishakuwa sokoni ziendelee kuuzwa bila kupimwa, na serikali ndiyo ikabebeshwa kuthibitisha madhara. Walipopiga marufuku asbesto, nyuzi za mawe zinazoleta saratani, mwaka 1989, mahakama ya rufaa ikaitengua sehemu kubwa ya marufuku hiyo 1991. Asbesto, jamani! Sheria yenyewe ilikaa mpaka 2016 ndipo ikarekebishwa. Ulaya, tangu 2007, wanasema: huna taarifa, huna soko.

Lakini Ulaya nao msiwanakili kichwa kichwa. Kwao usajili huanzia tani moja kwa mwaka, na mfanyabiashara wetu wa mapipa mawili ya lita 200 hafiki huko abadan. Sisi tuulize kitu kinaishia wapi: mkononi mwa fundi, kinywani mwa mtoto, au baharini penye mwani.

Chukueni rangi ya mafuta. Manjano na nyekundu zinazopakwa mashua ndizo za kushukiwa mwanzo, kwa kuwa kromati ya risasi, unga wenye ile metali ya sumu iitwayo risasi, hutoa rangi hizo kwa urahisi. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi lake huingia kifuani mwake na kumfuata nyumbani kwenye nguo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Kukiandika si kazi; kazi iko kwenye sampuli. Risasi ni nzito, hutuama. Mkaguzi akichota juu juu, bila kukoroga mpaka kijiti kiguse chini na kisikute tope, maabara itapima mafuta tu na cheti kitatoka safi. Baada ya kukorogwa, rangi ipakwe kwenye kioo, ikauke, ikwanguliwe, ndipo ipimwe. Anayepima rangi mbichi anapima na tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, ndani yake, na namba inashuka bila ya risasi kupungua hata chembe. Kwa hiyo andikeni wazi: "kwa uzito wa rangi iliyokauka". Maneno matano hayo msiyasahau. Na sampuli ziwe tatu, zitiwe lakiri mbele ya mwenye mzigo: moja ya maabara, moja yake, moja iwekwe kwa siku ya mabishano.

Cheti kisicho na namba ya toleo la bidhaa kirudisheni. Cheti cha makopo ya mwaka juzi hakisemi lolote juu ya makopo ya leo.

Karatasi ya usalama inayofuatana na kemikali ina sehemu 16. Fungueni ya 3, ya viambato. Mkikuta "siri ya biashara" peke yake, mzigo usitoke. Asilimia na namna ya kuchanganya zinaweza kuwa siri; jina la chenye kudhuru haliwezi, maana daktari wa hospitali ya Abdalla Mzee atalihitaji usiku wa manane.

Halafu kuna kumiminia. Kostiki soda ya watengeneza sabuni hufika na lebo yake nzuri, ikayeyushwa kwenye maji, ikagawiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Haina rangi. Lebo imebaki kwenye mfuko dukani. Kanuni iseme lebo iifuate kemikali mpaka chupa ya mwisho, kwa Kiswahili, pamoja na onyo kwamba soda ndiyo hutiwa kwenye maji; maji yakimwagwa juu ya soda huchemka ghafla na kuruka usoni.

Mkemia Mkuu wa Serikali, ZBS ya viwango na ZEMA ya mazingira kila mmoja ana kazi yake, sawa, lakini daftari la mizigo liwe moja. Mzigo uliokataliwa Malindi leo uonekane Wete kabla jahazi halijatia nanga.

Wassalaam,
Mzee wenu, Unguja